Ukiona taa zinawaka pembeni ya hewei Texas, fanya hivi

Ndugu zangu mnaoendesha Texas, hasa mliofika juzijuzi na mmepata leseni, hii sheria inakamata watu wengi. Ukikuta polisi, ambulensi au zimamoto imesimama pembeni inawasha taa, hama leni iliyo karibu nayo, nenda ile ya pili. Kama leni ya pili imejaa au hakuna, basi punguza mwendo maili 20 chini ya kibao cha mwendo, yaani kibao kikisema 70 wewe nenda 50, na kibao kikiwa chini ya 25 shuka hadi chini ya maili 5.

Na sio polisi tu jamani! Bredauni, gari la taka, mafundi wa umeme na wale wa barabara wote wamo, wale wanafanya kazi hatua mbili tu toka kwenye matairi yako, wana watoto nyumbani.

King'ora kikija nyuma yako, sogea kulia kabisa, toka kwenye makutano, simama mpaka kipite. Zimamoto inayokimbilia moto usiifuate, kaa futi 500 nyuma.