Kuomba shahada ya uzamili ya ukutubi Vancouver ukiwa Tanzania: anza na wadhamini, fomu baadaye

Barua ya kukubaliwa nimeipata baada ya kuomba mara mbili. Mara ya kwanza maombi yangu yalifika tarehe ya mwisho yakiwa na pengo. Ufaulu haukuwa tatizo, na fedha zilikuwa bado hazijaulizwa. Kilichokosekana ni barua ya mdhamini mmoja, yaani mtu anayekujua kimasomo au kikazi na kukuandikia pendekezo, pamoja na upande wa nyuma wa transkripti. Mwaka mzima ukaenda hivyo. Naandika kwa ajili ya wakutubi wenzangu, hasa mlio kwenye maktaba za mikoa na wilaya, jirani na jamii ambazo maarifa yao mnayajua lakini kwenye rafu hamna mahali pa kuyaweka.

Masomo yenyewe yako Chuo Kikuu cha British Columbia, UBC, jijini Vancouver, Kanada. Shahada inaitwa MLIS, yaani uzamili wa ukutubi na taaluma ya habari, na ina ithibati ya Chama cha Maktaba cha Marekani. Ndani yake kuna mchepuo unaohusu Mataifa ya Kwanza, watu wa asili wa nchi ile: sera zao, kumbukumbu zao, na namna maktaba inavyopaswa kukaa nao. Mchepuo huu hauna fomu yake. Unaomba MLIS ya kawaida, kisha kwenye maelezo yako ya nia unasema wazi kwamba ndio unaoutaka. Mimi nilipoteza wiki mbili nikitafuta fomu ambayo haipo.

Sasa wadhamini. Wanatakiwa watatu, na hapa ndipo Mtanzania anapokwama. Mfumo unamtumia kila mdhamini kiungo kwa barua pepe, naye anajaza mwenyewe mtandaoni. Anwani inayotarajiwa ni ya taasisi anakofanya kazi. Anwani ya bure kama ya Gmail huzua maswali, na walimu wetu wengi ndiyo wanayoitumia siku zote. Msimamizi wangu wa utafiti alikuwa amestaafu na anwani yake ya chuo ilishafungwa. Niliandika ile ya zamani kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti yangu, kiungo kikaenda kusikofunguliwa, na mimi nikakaa nikiamini kwamba mzee ameshajaza.

Kwa hiyo, kabla hujafungua akaunti ya maombi, nenda kwa kila mdhamini ana kwa ana, au mpigie simu. Muulize anwani ya taasisi anayoifungua kweli, na umwombe akujibu ujumbe mmoja kupitia anwani hiyo mkiwa bado mnazungumza. Mwachie ukurasa mmoja: mwaka uliosoma kwake, somo, mada ya utafiti wako, alama uliyopata, na unachokwenda kusoma. Mwalimu aliyefundisha mamia ya wanafunzi hawezi kukukumbuka kwa jina tu, na barua isiyo na mfano hata mmoja haikusaidii. Wawili wawe walimu wako wa chuo. Wa tatu anaweza kuwa mkuu wako wa kazi, mradi ameona kazi yako mwenyewe. Mtaje na wa akiba moyoni mwako.

Transkripti. Katika hatua ya kuomba unapakia nakala iliyoskaniwa, lakini skani kurasa zote, pamoja na upande wa nyuma wenye maelezo ya madaraja. GPA ya 3.8 haimwambii kitu msomaji wa Vancouver asiyejua kwamba kwetu kilele ni 5.0. Ukiukosa ukurasa huo, maombi yanahesabika hayajakamilika. Kama transkripti yako bado iko chuoni, anza leo: dai la ada, kontrol namba ya malipo, risiti, ofisi ya msajili, kisha kusubiri sahihi ya mtu aliyesafiri. Nilikokwenda niliambiwa “dada, rudi Alhamisi” kwa Alhamisi nne. Dada wa masijala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake na mafaili ya miaka yote, na siku niliyomkuta asubuhi kabla ya foleni kuanza alilitafuta faili langu hadi likapatikana. Nenda asubuhi. Chukua nakala rasmi zaidi ya moja, kila moja kwenye bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri juu ya mkunjo, na bahasha hizo usizifungue kamwe. Ukikubaliwa, ndizo zitakazotumwa, na bahasha iliyofunguliwa haina thamani yoyote.

Ada ya maombi: UBC humsamehe mwombaji ambaye anwani yake ya sasa ya mawasiliano iko katika nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Tanzania imo. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa zimo. Kenya haimo. Mimi mara ya kwanza niliandika anwani ya kaka yangu aliyeko Nairobi, nikidhani barua zitafika haraka zaidi, nikajikuta natakiwa kulipa. Andika sanduku lako la posta la nyumbani.

Mtihani wa Kiingereza usiulipie kabla hujasoma ukurasa wa masharti ya lugha, kwa kuwa kuna waombaji wanaosamehewa kutokana na nchi na lugha ya chuo walichosoma. Ukilazimika kuufanya, kumbuka matokeo ya IELTS huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili.

Nikae kidogo kwenye maelezo ya nia, maana hapa ndipo nafasi hupatikana au hupotea.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema nataka “kuhifadhi maarifa ya Wahadzabe kabla hayajatoweka”. Nilimpelekea mwalimu wangu wa zamani, akaniambia, “Mwanangu, umeandika habari zao kana kwamba wao wenyewe hawatakusoma.” Nilinyamaza kwa muda mrefu. Fani hii nzima imejengwa juu ya jambo alilonigusia. Huko Kanada, tangu 1998, Mataifa ya Kwanza yana kanuni zinazojulikana kwa kifupi OCAP: jamii ndiyo inayomiliki taarifa zake, inaamua zitumikeje, inaweza kuzifikia, na inazishika mikononi mwake. Msomaji wa maombi yako anatoka katika mazingira hayo. Ukimwandikia kwamba unakwenda kuwaokoa watu, atajua kwamba bado hujaanza kufikiri kikutubi.

Kwa hiyo onyesha tatizo la kikutubi, tena dogo na la kweli. Mimi niliandika kuhusu maelezo ya wazee wa bonde la Yaeda, wanakoishi Wahadzabe, juu ya chemchemi na njia za wanyama. Kwa Dewey, mfumo wa namba wa kupanga vitabu rafuni, simulizi kama hizo huangukia 398 kwa urahisi, pamoja na ngano za sungura na fisi. Lakini hayo ni maelezo ya ardhi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa pamoja, na simulizi ile ile inayokaa kwenye rafu ya ngano ndiyo inayosema mpaka uko wapi. Namba ya rafu inaweza kumgeuza shahidi akawa msimulizi wa hadithi.

Kisha nikaunganisha na kule ninakokwenda. UBC kuna maktaba ya mambo ya watu wa asili, X̱wi7x̱wa, iliyo kwenye kampasi iliyojengwa juu ya ardhi ya watu wa Musqueam, ardhi ambayo hawakuikabidhi kwa mkataba wowote. Maktaba hiyo hutumia mpangilio uliotokana na kazi ya Brian Deer, mkutubi wa Kahnawake, wa taifa la asili la Mohawk, aliyeubuni miaka ya 1970. Mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani huyaweka mataifa ya asili kwenye historia ya bara na kuyapanga kwa alfabeti. Deer aliyaweka karibu kwa karibu majirani wa kweli, na mada zikafuata mambo ambayo jamii zenyewe huyajali. Niliandika kwamba nataka kujifunza jinsi mpangilio huo unavyotengenezwa na kutunzwa, kisha nirudi kukaa na jamii ya Yaeda tuone kama wanautaka wa kwao. Neno “kama” lile lilinichukua rasimu tano.

Ukitokea Kenya una mfano mzito pia: hukumu ya Mahakama ya Afrika iliyotolewa Arusha tarehe 26 Mei 2017, iliyowapa haki Waogiek wa Msitu wa Mau. Isome, kisha jiulize maktaba yako ina nini kuhusu Mau, na kiliandikwa na nani.

Ukishakubaliwa, kibali cha kusoma nitakipitia kwa haraka, kwani maelekezo yake yako mtandaoni. Ada ya kibali ni dola 150 za Kanada na alama za vidole ni dola 85. Tangu 1 Septemba 2025 mtu anayesafiri peke yake lazima aonyeshe dola 22,895 za kuishi mwaka mmoja, mbali na karo na nauli. Tangu 1 Januari 2026 wanafunzi wa uzamili katika vyuo vya umma hawahitaji tena barua ya uthibitisho ya jimbo, basi ukimsikia mtu akikuhangaisha kuhusu barua hiyo, ana habari za zamani.

Jambo la kuangalia ni historia ya fedha. Wengi wetu tunakusanya kwa kikoba, kwa mauzo ya kiwanja, kwa michango ya ndugu, na zote zinaingia benki wiki moja. Afisa anaona fedha zilizotokea ghafla. Weka mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, daftari la kikoba, barua ya kila ndugu pamoja na taarifa yake ya benki, na karatasi moja inayoeleza kila kiasi kilitoka wapi, kwa tarehe.

Bahasha za transkripti nilizituma kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, nikabaki na moja kabatini, bado imefungwa. Na wewe baki na moja.