SOMO: Kuficha utambulisho wa mwathirika kabla ya kuweka hukumu mtandaoni

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena, mpeni somo hili.

1. Soma kwanza amri zilizomo kwenye jalada. Kama mahakama imeamuru jina lisitajwe, hakuna mjadala.

2. Fanya kazi kwenye nakala.

3. Badilisha jina. Kanuni ya 49.1 ya mashauri ya jinai katika mahakama za shirikisho za Marekani inataka mtoto atajwe kwa herufi za kwanza za jina lake, na tarehe ya kuzaliwa ibaki mwaka tu. Mimi hutumia herufi isiyohusiana naye kabisa. Penye watu wachache, herufi mbili na umri vinatosha kumjua mtu.

4. Futa, usifunike. Hapa niliharibu. Nilichora kisanduku cheusi juu ya jina la msichana kwenye PDF, nikaona peusi, nikaweka mtandaoni. Siku ya tatu msomaji akaniandikia: amepitisha kipanya juu ya ule weusi, akanakili, akabandika, jina lake lote likatoka. Nililiondoa faili dakika ile ile, lakini lilikuwa limeshapakuliwa na watu nisiowajua, na hilo silirudishi. Kisanduku kinaziba macho tu. Maandishi yapo chini yake. Futa jina kwenye faili la maandishi, ndipo utengeneze PDF upya. Hata karatasi iliyoskaniwa huweza kubeba maandishi yaliyofichika, kama programu ya skana inasoma herufi. Ukimaliza, nakili kila kitu, bandika kwenye ukurasa mtupu, utafute jina kwa kila tahajia aliyotumia karani. Usisahau jina la faili lenyewe!

5. Angalia vipande vinavyoungana. Ukiandika kwamba mshtakiwa ni baba mzazi kisha ukamtaja kwa jina, umeshamtaja mtoto. Kimoja lazima kiondoke. Shule, darasa na kazi ya mama pia.

MASWALI

— Mkuu, si rekodi za umma hizi? Tunajisumbua nini?
Zamani aliyezitaka alikwenda masijala akaomba jalada. Leo mwajiri akitafuta mtandaoni jina la binti aliyetendewa kosa, hukumu inatokea ya kwanza. Kesi ibaki wazi kwa umma, lakini jina lake lisiwepo; yeye hakushtakiwa.

— Ni ndefu, nipe kwa kifupi.
Kama huna muda wa kusoma, usichapishe.

— Nimeziba kwa kalamu nyeusi kisha nikaskani. Inatosha?
Inua karatasi kwenye mwanga. Ukisoma jina, na skana italisoma.

— Naomba kuelewa: mtoto akishakuwa mtu mzima, ulinzi unaisha?
Swali zuri sana, ndugu yangu. Uingereza, sheria ya mwaka 1992 humlinda mlalamikaji wa kosa la kingono maisha yake yote, isipokuwa aridhie mwenyewe kwa maandishi. Ufaransa mwaka 2024 Gisèle Pelicot, mwathirika wa ubakaji, alikataa kesi isikilizwe faragha, na jina lake likatajwa kwa hiari yake. Uamuzi ni wa mwathirika. Wewe na mimi hatuwezi kumwamulia, hata kwa nia njema.

— Nyongeza, mkuu: viambatisho. Fomu ya daktari niliyokuwa nayo ilisafishwa vizuri, kumbe pembeni nesi aliandika namba ya simu ya mama kwa mkono.
Asante sana. Hiyo naiongeza kwenye hatua ya 5 leo hii.