Kwenda kazini na kigari cha pedeli hapa Tabora, mambo ya kujua kabla hujaanza

Mi naishi njia ya Sikonge, kilomita 9 kutoka kazini kwangu mjini, na huu mwaka wa pili sasa naenda na kurudi na kigari cha pedeli, kile cha magurudumu matatu chenye bodi, unakaa chini umeegemea mgongo, miguu mbele, unakanyaga. Wazungu wanaita velomobili. Kila siku kuna mtu ananisimamisha kuuliza, na nawajua wawili watatu ambao washaanza kuongea na mafundi, kwahiyo naandika yale ninayoyajua ya kukitumia kila siku, maana kukitengeneza ni kazi moja, kukipeleka kazini siku tano za wiki mwezi wa kumi jua linawaka ni kazi nyingine kabisa.

Kwanza niseme, kama kuna mji wa hivi vitu ni Tabora. Tambarare. Ndugu zangu wa Kigoma nawapenda ila ule mlima wa kutoka stesheni kupanda Mwanga na kigari cha kilo 41 ni mateso, kwenye mlima bodi haikusaidii kitu, unabeba uzito tu. Faida ya bodi iko kwenye upepo, na upepo unaanza kukubana kweli ukishavuka kama kilomita 20 kwa saa, hapo ndo kigari kinaanza kulipa. Na baiskeli yangu ya Phoenix nilikuwa natumia dakika 40, sasa hivi 25, na shati ninalovaa ofisini linafika kavu kwa sababu liko kwenye begi nyuma ya kiti, hilo ntalirudia.

Wengi wanapokosea ni kuiga vya Ulaya jinsi vilivyo. Hivi vitu kule ni vya siku nyingi, Mfaransa Charles Mochet alikuwa anatengeneza vyake miaka ya 1930, na ni juu ya baiskeli yake ya kulalia Francis Faure alivunja rekodi ya saa moja mwaka 1933, kilomita 45 na ushee, mwaka uliofuata chama cha baiskeli cha dunia kikazitoa baiskeli za kulalia kwenye mashindano na ndo maana wengi wetu tumekua bila kuziona. Baadaye Waholanzi wakavitengeneza sana, kuna kimoja kinaitwa Quest kimeanza kuuzwa mwaka 2000, na kabla yake kulikuwa na Alleweder, hicho cha bati za alumini zilizopigwa ribiti, watu walikuwa wananunua vipande wanaunga wenyewe nyumbani. Jina lenyewe maana yake hali zote za hewa. Ila hali zao za hewa ni baridi na mvua! Vimefungwa mpaka shingoni ili mtu asigande. Ukikopi hivohivo ukaja nacho Tabora saa tisa mchana utaiva humo ndani, na barabara zetu za mchanga zitakumalizia. Hapa kigari unakipanga kwa ajili ya joto, mchanga na kuonekana barabarani, spidi itakuja yenyewe.

Joto basi. Changu pua ya mbele ina tundu la kuingiza hewa kubwa kama sahani ya chai, lina wavu wa kuzuia wadudu, na hewa inatokea nyuma ya kiti. Tundu la kutokea lazima liwepo, ukiweka la kuingilia tu hewa inajaa inasimama. Juu pako wazi kabisa, kifuniko cha turubai nakifunga siku ya mvua tu. Bodi nimepaka nyeupe, kabla ya hapo ilikuwa bati tupu na siku moja nilitoka kazini nikaweka mkono ukingoni kuingia nikautoa haraka. Toka asubuhi mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi barabara ina kivuli na wazee wanaokwenda shamba wanakuitikia mwangaluka bila mtu kutoka jasho. Kurudi jioni ndo kugumu. Vaa bukta na fulana ya kutupa, shati la kazi lifunge kwenye mfuko, chupa ya maji lita moja uiweke mahali mkono unafika bila kuinama, na ukifika kaa dakika tano kivulini kabla hujabadili, jasho halikatiki ukisimama, ndo kwanza linaanza.

Kivuli Tabora hakikosekani, miembe imejaa kila barabara, ila msimu wa maembe usipaki chini ya mwembe. Embe bichi likianguka kutoka juu linabonyeza bati mpaka ribiti zinaachia, bodi yangu ina bonde upande wa kulia mpaka leo.

Kuhusu bodi nitagusia kidogo tu. Mimi nilikwenda kwa mzee mmoja anayetengeneza matranka ya wanafunzi wa bweni, maana nani anajua kukunja bati kumzidi fundi wa matranka. Nilimpelekea mchoro, akauangalia muda mrefu, akaniambia, “Mwanangu, ukipiga ribiti bati juu ya bati hapa, hili litakupigia kelele maisha yake yote. Weka mpira katikati.” Tukakata tyubu za pikipiki vipande vyembamba tukaweka kila panapoungana. Shikamoo yake ile haijawahi kuisha mdomoni kwangu, kwa sababu nimeona kingine hapa mjini hakina mpira na kwenye barabara ya vumbi kinasikika kama debe linaburuzwa. Ndani gundisha sponji ya godoro la zamani, hasa chini ya mapaja na kwenye pua.

Sasa kukaa. Hapa usikimbilie, magoti ni yako. Kaa ndani, weka kisigino kwenye pedeli iliyo mbali kabisa, mguu unyooke. Halafu rudisha wayo mahali pake, goti litabaki limekunja kidogo, hapo ndo penyewe. Ukiwa karibu mno utaumia mbele ya goti, ukiwa mbali utaumia nyuma yake na utakuwa unateleza kwenye kiti. Kisha jifunze kukanyaga haraka kwenye gia nyepesi, mizunguko 80 hivi kwa dakika, kwa sababu kwenye kigari una kiti cha kuegemea mgongo na mtu akiona kimekuwa kizito anasukuma kwa nguvu zote dhidi ya kiti, na goti ndo linalipa. Kwenye baiskeli ungesimama juu ya pedeli, hapa huwezi. Shusha gia kabla hujasimama, maana ukisimama kwenye gia nzito taa zikiruhusu huondoki, bajaji nyuma inapiga honi. Na misuli ya baiskeli ya kawaida haikutoshi mwanzoni, wiki tatu nne utajiona dhaifu, ni kawaida, usikate tamaa ukauza.

Miguu ifungwe kwenye pedeli! Hili naliandika kwa uchungu. Sakafu ya changu ina matundu mawili ya kushusha miguu ili kurudi nyuma, maana kigari hakina rivasi, unashusha miguu unasukuma ardhi. Wiki ya tatu nilipita juu ya tuta nikiwa na kandambili, mguu wa kushoto ukatoka kwenye pedeli ukaingia kwenye tundu, kisigino kikagusa lami na kigari kikaendelea kwenda mbele, mguu ukavutwa chini ya kiti. Nilikuwa polepole, ndo kilichoniokoa, kifundo kilivimba wiki mbili. Tangu siku ile navaa viatu na kila pedeli ina mkanda wa mpira wa tyubu unaopita juu ya wayo na mwingine nyuma ya kisigino, na matundu nimeyawekea vifuniko vya kusukuma. Nakuomba usisubiri yakukute.

Usukani unashikwa kwa vidole, usiukabe. Kigari hakilali kwenye kona kama baiskeli, ukiingia na kasi gurudumu la ndani linanyanyuka, kwahiyo punguza kabla ya kona, ndani ya kona usiguse breki kwa ghafla. Breki mbili za mbele zivutwe pamoja, ukivuta moja kinakwenda upande huo. Na kukata kona kali hakiwezi, kabla ya kuingia kichochoro jiulize utatokaje, mi nimeshakibeba kwa pua mara nyingi kukigeuza.

Matuta na mchanga. Tuta linapandwa polepole, magurudumu mawili ya mbele kwa wakati mmoja, ukilipanda kiubavu tumbo linakwaruza, changu kina sentimita 11 tu kutoka chini. Reli nayo ikatize moja kwa moja, usiikate mshazari, tairi jembamba linaweza kuingia kwenye mfereji wa reli. Mchanga ndo adui mkubwa kuliko yote, kwa sababu magurudumu matatu yanachora njia tatu, huwezi kuchagua kamstari kagumu kama wenye baiskeli, na gurudumu la nyuma linalovuta limebeba uzito mdogo linazunguka palepale. Mbinu yangu ni kuweka mzigo nyuma, hata lita 5 za maji, na kushusha gia kabla ya kuingia. Kama wayo unazama kwenye mchanga, shuka usukume. Njia ya kigari si lazima iwe njia fupi, mimi naongeza karibu kilomita nzima ili nibaki kwenye lami na bado nawahi.

Kuonekana. Ukiwa umekaa kichwa chako kiko usawa wa mlango wa gari dogo, dereva wa lori akikaribia sana hakuoni kabisa. Weka fimbo ya fiti sita au saba nyuma na kibendera cha rangi ya chungwa, ule mtikisiko wake ndo unaovuta macho. Saiti mira mbili, si moja. Taa ya mbele na nyekundu ya nyuma ziwake hata mchana, na honi ya pikipiki, betri moja ndogo ya volti 12 inatosha vyote, nachaji mara mbili kwa wiki. Kaa kushoto ila usijibane pembeni kabisa kwenye ukingo wa lami, ukijibana basi linalazimisha kupita na ule upepo wake unakusukuma kwenye changarawe, chukua nafasi yako kidogo ili akupite kama anavyopita bajaji. Kwenye makutano usitembee mpaka umekutana macho na dereva. Usiku mi natoka tu nikilazimika, na mbuzi nao hawaogopi taa.

Mvua zikianza mwezi wa 11 utafurahi kuliko wote njiani, turubai limefungwa, umekaa mkavu, wenzako wamejikinga kwenye vibaraza. Tatizo ni kioo cha plastiki kinapiga ukungu kwa pumzi yako. Paka sabuni ya maji kidogo kwa ndani, ifute na kitambaa kikavu mpaka isionekane, na acha mwanya wa vidole viwili juu. Toboa tundu la kutolea maji sehemu ya chini kabisa, usipotoboa utakanyaga bwawa.

Tairi sasa. Za mbele ni inchi 20 za baiskeli za watoto, ya nyuma 26, zote zinapatikana mjini na pancha fundi yeyote anaziba, ila miiba ya huku ni mingi, kata tairi kuukuu lililolainika uondoe kingo zake ulilaze ndani kati ya tairi na tyubu. Kuna jambo mafundi wa baiskeli hawalijui, nalo ni mwelekeo wa magurudumu ya mbele. Tairi zangu za kwanza ziliisha mpaka nyuzi ndani ya wiki tatu, nikalaumu tairi, kumbe magurudumu yalikuwa yanaangaliana. Mkalishe mtu ndani, pima kwa futi umbali kati ya rimu na rimu kwa mbele, usawa wa ekseli, halafu pima kwa nyuma yake. Tofauti ikizidi milimita 2 rekebisha ile fimbo ya usukani, nusu mzunguko nusu mzunguko, kisha sukuma kigari mbele kidogo upime tena. Tangu nijue hivo tairi zinakaa miezi.

Cheni ni ndefu, karibu cheni tatu za kawaida zimeungwa, kwahiyo vumbi linalokusanya nalo ni mara tatu. Kila Jumamosi geuza pedeli kinyumenyume cheni ikipita kwenye kitambaa ulichoshika mpaka kitambaa kibaki safi, ndo uweke mafuta ya cherehani, tone moja moja kwenye kila pini, halafu futa tena kwa nje. Usitumie oili chafu ya gari, inashika mchanga ikawa kama msasa, na zile puli zinazoongoza cheni chini ya kiti zitaliwa kabla msimu wa kiangazi haujaisha.