Jinsi ya kuucheki mng'ao wa vitu kwa miwani ya polaraizi

Kama una miwani ya jua ya polaraizi, yaani ile inayozuia mwanga unaotikisika kwa upande mmoja, hata kama imebaki lenzi moja, vifaa unavyo tayari. Ila kwanza hakikisha sio feki: fungua ukurasa mweupe kwenye laptopu ya LCD, utazame kupitia lenzi huku unaizungusha taratibu, skrini ikifika mahali ikawa nyeusi tii basi ni yenyewe, ikibaki vilevile hicho ni kioo cha rangi tu.

Haya, washa taa upande wa pili wa meza ya mbao yenye vanishi, kaa upande huu uone mng'ao wake mezani, halafu vaa miwani upandishe na kushusha kichwa polepole. Mng'ao haufifii sawa kila mahali, kuna pembe moja unapotea karibu wote na mistari ya mbao iliyofichwa na ule mng'ao inajitokeza safi kabisa, yaani unaiona mpaka vitundu vyake. Hiyo ndo pembe ya Brewster, yule mwanafizikia Mskoti aliyeitolea kanuni mwaka 1815: tanjenti ya pembe ni sawa na kipimo cha mpindo cha kitu chenyewe, yaani namba inayoonyesha kinapinda mwanga kiasi gani, kwa hiyo kioo cha 1.5 kinakupa nyuzi 56 hivi na maji ya 1.33 nyuzi 53. Angalizo, unapima kuanzia mstari uliosimama wima juu ya meza, sio kuanzia mezani, hapa wengi wanachemsha.

Kinachotokea ni kwamba kwenye pembe hiyo mwanga unaorudi unatikisika kwa ulalo tu, sambamba na meza, na miwani imetengenezwa kuzuia huo huo. Laza kichwa begani uone, mng'ao unarudi.

Chuma kitupu hakikubali huu mchezo, mng'ao wake haupotei. Gari la rangi ya metaliki ndo tamu zaidi, mng'ao wa lakka ya juu unafutika ila vimetameta vya ndani vinabaki, hapo umetenganisha tabaka mbili kwa macho.

Ukitaka rangi, bandika selotepu angavu kwenye plastiki ngumu angavu, vipande vimeinama huku na huku na vingine vimepandana, uegemeze mbele ya ile skrini nyeupe halafu vua miwani utazame taswira yake kwenye meza nyeusi inayong'aa, kwa pembe ile ile. Meza inafanya kazi ya lenzi, na kila tabaka la selotepu unaloongeza linabadilisha rangi.