Jinsi ya kuishi na schnauzer Nairobi, mbwa aliyezaliwa na kazi

Watu wengi hapa Nairobi wakiona schnauzer wanaona zile ndevu na nyusi, wanampenda papo hapo, wanamnunua, halafu baada ya miezi michache unaskia malalamiko: anabweka sana, anachimba bustani, anafukuza kuku wa jirani, akiitwa anakuangalia tu kwanza ndio aamue. Mimi huwa nawauliza swali moja, huyo mbwa umempa kazi gani? Manake hizo tabia zote zinatoka kwa kazi aliyofanya babu yake, na ukiijua ile kazi utajua vile utamlea na watoto, na dada wa kazi, na soja wa geti, hata kama unaishi kwa fleti Kileleshwa.

Asili yake ni kusini mwa Ujerumani, sehemu za Württemberg na Bavaria. Wakulima na watu wa mikokoteni kule walikuwa na mbwa wa saizi ya kati, manyoya magumu, anayelala zizini na farasi. Usiku anaua panya wanaomaliza chakula cha farasi, mchana analinda boma, siku ya soko anaandamana na mkokoteni na kulinda mzigo mwenyewe akiwa kwa shughuli zake, na jioni huyo huyo anarudi kukaa na familia. Hiyo yote ni mbwa mmoja. Mwaka wa 1879 akaonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa pale Hanover, wakati huo bado wakimhesabu kama pinscher (aina nyingine ya mbwa wa Ujerumani) wa manyoya magumu, na mwaka wa 1895 wapenzi wake wakaunda klabu yao mjini Cologne. Vita vya kwanza vya dunia wengine walibeba ujumbe wa wanajeshi na kusaidia Msalaba Mwekundu, kwa hivyo usishangae ukiona wako hawezi kutulia akiona kuna jambo linaendelea.

Sasa, schnauzer ni watatu, na hapa ndio watu huuziwa mbuzi kwa gunia. Wa kati ndiye wa kwanza, sentimita 45 hadi 50 begani, kilo 14 hadi 20. Mdogo alitokana na huyo wa kati akichanganywa na mbwa wadogo kama affenpinscher, akaonyeshwa kama aina yake mwaka wa 1899, ana sentimita 30 hadi 35 na kilo 4 hadi 8. Halafu kuna mkubwa, wa Bavaria, aliyekuwa anaswaga ng'ombe mpaka sokoni, na reli ilipochukua kazi ya kusafirisha ng'ombe akahamia kulinda viwanda vya pombe na bucha, baadaye akaingia kwa polisi. Huyo ana sentimita 60 hadi 70 na anaweza kufika kilo 47. Kwa hivyo mtu akikuambia ana schnauzer wa kuuza, muulize ni yupi, na uone wazazi. Kama unaishi ghorofa ya tatu na hakuna mtu nyumbani mchana, mkubwa achana naye kabisa, huyo anataka kompaundi na mtu wa kufanya kazi na yeye kila siku.

Jambo ambalo lazima niseme kwa sauti kubwa ni hii mila yetu ya kufungia mbwa kenneli asubuhi na kumfungulia usiku azunguke uwanjani. Schnauzer usimfanyie hivyo tafadhali. Huyu ni mlinzi, ndio, lakini analinda watu anaowajua, na anajifunza nani ni mgeni na nani si mgeni kwa kuishi katikati yenu. Ukimfungia mchana kutwa haoni mtu, utapata mbwa anayebwekea kila kitu, anayeuma bila mpango, ama anayezunguka pale pale ndani ya kenneli mpaka ardhi inalika. Mweke ndani ya nyumba ama verandani ambapo anaona watu wakipita. Akiwa karibu na familia yake hata kubweka kunapungua, kwa sababu anajua kila mtu yuko wapi.

Kubweka kwenyewe hakutaisha, na usitake kuisha. Kazi yake ilikuwa kusema "kuna mtu". Shida inakuja pale anaposema na hakuna anayemjibu, basi anaendelea kusema. Fanya hivi: geti ikigongwa na aanze, usipige kelele kutoka jikoni, manake akiskia unapiga kelele anadhani mnabweka pamoja. Nenda mpaka pale alipo, simama kati yake na mlango, angalia nje kweli, halafu mwambie kwa sauti ya chini "asante, basi". Akinyamaza hata kwa sekunde mbili, mpe kipande kidogo cha nyama ya kuku iliyochemshwa, halafu muite mkae mahali pengine mbali na mlango. Rudia kila mara, mtu wa gesi akija, mama mboga akipita, watoto wa jirani wakigonga kuomba mpira. Utaona siku moja anabweka mara mbili tatu, anageuza kichwa kukuangalia, anakuja mwenyewe pale mnapokaaga. Hapo ameelewa kwamba ripoti imefika.

Kwa wale wa fleti ongezea hii, usimwache kwenye balconi mchana. Kutoka juu anaona kila boda boda na kila paka wa mtaa, na hakuna wa kumwambia basi, na kufika Ijumaa mwenye nyumba amekupigia simu.

Maneno ya kumwamrisha ni lazima yawe moja nyumba nzima. Hapa Nairobi hii ndio inaharibu mbwa wengi, baba anamwambia keti, watoto wanamwambia kwa Kiingereza, shosho akija kutoka ushago anamwambia kwa Kikuyu, na dada wa kazi ana neno lake. Schnauzer ana akili sana lakini pia ni mjanja, akiona hakuna mkubaliano anachagua kutoskia mtu yeyote. Kaeni chini, chagueni maneno matano, mbandike kwa friji: keti, njoo, wacha, basi, mahali pako. Mazoezi yawe mafupi, dakika tano asubuhi na dakika tano jioni yanatosha, kwa sababu ukimrudishia kitu kimoja mara ishirini anachoka na anaanza kukubishia. Kumpiga hakusaidii, anaweka kinyongo, na ukitaka aache kukuamini ndio njia ya haraka.

Na watoto kwa kawaida yuko poa kabisa. Yule mdogo na wa kati wanapenda kucheza, wanafuata watoto kutoka chumba hadi chumba, akiwa nao anajiona ako kazini. Lakini mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, na watoto wafundishwe kutomvuta zile ndevu na kutomgusa akiwa anakula ama amelala. Schnauzer havumilii kusumbuliwa kama mbwa wengine wapole, anakuonya kwanza, kwa hivyo watoto wajue kuskia lile onyo: amesimama tuli, amekaza mwili, amegeuza uso. Wakiona hivyo wanamwacha, wanaita mtu mkubwa.

Akiwa bado mdogo muonyeshe dunia mapema. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ndio akili yake inapanga kitu gani ni cha kawaida na kitu gani ni hatari, na wewe utampata akiwa na wiki nane ama zaidi, kwa hivyo muda ni mfupi. Chanjo zikiwa bado hazijakamilika usimweke chini barabarani, parvo, ule ugonjwa wa virusi, iko na inaua papi (watoto wa mbwa) haraka, lakini unaweza kumbeba mkononi ama kwa kikapu mkasimama karibu na stejini, aone helmeti za boda, askie honi za matatu, aone wanafunzi wakitoka shule, mtu na mwavuli, mkokoteni wa maji. Chanjo huanza akiwa na wiki sita hadi nane, zinarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu halafu kila mwaka. Hiyo ya kichaa usikose hata mwaka mmoja.

Tuje kwa panya, maana hapa Nairobi hii habari ni ya maisha na kifo. Schnauzer atawinda panya bila kufundishwa. Utamwona amelala kifudifudi kando ya tangi la maji, pua iko kwenye tundu, masikio mbele, hatingishiki hata ukimwita kula. Ni kitu kizuri kuona. Lakini hii mitaa yetu imejaa dawa ya panya, ile inauzwa na watu wa spika wakitembea, panya mende kunguni, na jirani akiweka, panya mlegevu anakuja kufia kwenu na mbwa wako anamdaka. Dawa nyingine inafanya kazi kwa masaa machache, mbwa anatoka mate, anatetemeka, anaanguka kifafa. Nyingine inazuia damu kuganda na dalili zinakuja baada ya siku kadhaa, fizi zinakuwa nyeupe, anachoka, anavuja damu puani ama kwenye choo. Zote mbili ni kumkimbiza kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, usimpe maziwa wala mafuta ukingoje kuona, na beba pakiti ya dawa kama unaipata, kwa ile ya kuzuia damu daktari ana vitamini K ya kumtibu. Kwako mwenyewe usiweke dawa, weka mtego, na ongea na majirani kabla hawajaweka. Pia uliza daktari juu ya chanjo ya leptospira, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya.

Kama mnafuga sungura ama kuku nyuma ya nyumba, weka uzio imara. Usimlaumu kwa kukimbiza kitu kidogo kinachokimbia. Mpe badala yake, ficha chakula chake ndani ya boksi la karatasi ama kwenye nyasi atafute kwa pua, hiyo dakika kumi inamchosha kuliko kuzunguka mtaa mara mbili.

Lakini kutembea ni lazima bado. Mdogo anataka karibu saa moja kwa siku ukigawanya mara mbili, wa kati zaidi ya hapo, mkubwa zaidi sana. Tembea alfajiri kabla jua na magari, na kamba isitoke, manake akiona paka hataskia jina lake. Msitu wa Karura mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwa kamba, ni mahali pazuri Jumamosi asubuhi. Ukirudi mkague kupe, kwa masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, na ndani ya zile ndevu ambapo huwa wanajificha vizuri sana. Kupe wetu huleta homa inayoweza kuua, kwa hivyo dawa ya kupe iwe ya mwaka mzima.

Manyoya yake hayaanguki sana, hiyo ni kweli, lakini inamaanisha kazi inahamia kwako. Mchane mara mbili tatu kwa wiki, la sivyo miguu na ndevu zinashikana mafundo. Manyoya ya juu ni magumu na ya chini laini, na njia ya asili ni kung'oa yale yaliyokufa kwa mkono, ndio rangi na ugumu unabaki. Ukimnyoa na mashine kila mara yanakuwa laini na rangi inapauka, lakini kwa mbwa wa nyumbani si dhambi, nyoa kila wiki sita hadi nane. Ndevu ndio usizembee. Baada ya kila mlo loweka kitambaa kwa maji vuguvugu, shika kidevu kwa mkono wa kushoto, futa kutoka puani kuja chini, halafu ukaushe mpaka kwenye ngozi. Ukiziacha zikae na supu zinanuka, zinabadilika rangi na ngozi ya chini inapata vidonda.

Chakula cha ile aina ndogo kina sheria moja kubwa, mafuta kidogo. Wengi wao wana mafuta mengi kwenye damu kwa kuzaliwa, na kongosho lao linavimba haraka. Kwa hivyo wikendi ya nyama choma waambie wageni mapema, hakuna kumrushia mafuta ya mbuzi wala ngozi ya kuku. Akianza kutapika na kukunja mgongo kama tumbo linauma, ni daktari. Kitunguu, chokoleti na zabibu pia hapana. Maji yawepo kila saa kwa sababu wanapata mawe kwenye kibofu, ukimwona anajikamua na mkojo hautoki usingoje kesho.

Ukienda kununua, nenda mpaka pale walipozaliwa, omba kumwona mama, angalia kama mama anakaribia watu ama anajificha, na uliza kama macho ya wazazi yamepimwa, na kwa wale wakubwa uliza nyonga. Kuna makaratasi ya East Africa Kennel Club, klabu inayosajili mbwa, omba kuyaona. Masikio usikubali yakatwe, Ujerumani kwenyewe walishapiga marufuku. Na kama muuzaji anataka mkutane petroli stesheni na papi yuko kwa katoni, na hana picha ya mama wala kadi ya chanjo, rudi nyumbani na pesa zako.