Likizo ya ufukweni Rimini: asubuhi majini, jioni mji wa kale

Ufukwe wa Rimini, kwenye Bahari ya Adriatic nchini Italia, una mchanga wa takriban kilomita 15, na sehemu kubwa imegawanywa vipande vya kukodisha. Kila kipande huitwa bagno na kina namba yake. Kusini ya bandari namba huanzia 1 na kupanda hadi 150 huko Miramare, kitongoji cha kusini. Ishike namba yako kichwani, na mtoto mwandikie mkononi kwa kalamu isiyofutika. Ukitembea kandokando ya maji kwa robo saa kisha ukageuka, utaona miavuli inayofanana mpaka upeo wa macho. Hapo ndipo watoto hupotea.

Msimamizi wa bagno huitwa bagnino. Muombe ombrellone, yaani mwavuli, na lettini, vitanda vya kujilaza. Bei hutegemea safu: ya mbele kabisa ndiyo ghali, na kadiri unavyorudi nyuma inashuka. Ukikaa wiki nzima usilipe siku kwa siku, uliza bei ya wiki. Kabla ya hapo iulize hoteli yako kama ina makubaliano na bagno fulani, maana nyingi zinayo na wageni wake hupunguziwa. Karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, Italia nzima iko likizoni; bila kuweka nafasi mapema utaambiwa pamejaa. Mwenye uhuru wa kuchagua aende Juni au mwanzoni mwa Septemba.

Usiyetaka kulipa una spiaggia libera, ufukwe wa bure, na kipande kizuri kipo karibu na bandari. Hata penye bagno, sheria inakuruhusu kupita hadi majini na kuoga bila malipo. Ukanda wa mita 5 kutoka ukingo wa maji lazima ubaki wazi, kwa hiyo usitandike taulo wala kusimika mwavuli hapo.

Kwenye ufukwe wa bure mwavuli unausimika mwenyewe, na wengi hukosea hapa. Ondoa kwanza mchanga mkavu wa juu, kwa sababu haushiki kitu. Ukifika kwenye mchanga wenye unyevu, zamisha mti wa mwavuli kwa kuutikisa mbele na nyuma mpaka uingie sentimita 40 hadi 50. Shindilia mchanga wa majimaji kuzunguka shina, kisha inamisha kitambaa kuelekea upepo unakotoka. Ukiuinamisha upande mwingine, upepo huingia chini ya kitambaa, unang'oa mwavuli na kuurusha juu ya majirani, na ncha ile inaumiza kweli. Kumbuka pia kwamba bahari iko kaskazini-mashariki: asubuhi kivuli huanguka upande wa nchi kavu, alasiri huhamia upande wa maji. Kitanda kifuate kivuli. Na ukiamka kama saa kumi na moja na nusu alfajiri mwezi Juni, utaliona jua likichomoza kutoka baharini. Jioni usilingoje huko, linazama nyuma ya mji.

Maji ya Rimini ni ya kina kifupi kwa umbali mrefu, jambo jema kwa wenye watoto, lakini angalia mnara wa mwokoaji kabla hujaingia. Bendera nyeupe maana yake ulinzi upo na bahari ni tulivu. Nyekundu maana yake kuoga ni hatari au hakuna mlinzi. Dharura ya baharini piga 1530, kikosi cha ulinzi wa pwani. Dharura nyingine yoyote piga 112.

Mchangani majini hujificha samaki mdogo aitwaye tracina, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Ukimkanyaga, maumivu hupanda mguu kwa dakika chache. Usiweke barafu. Toa mwiba uliobaki, kisha tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, kwa kuwa joto huharibu sumu yake. Pumzi ikibana au uso ukivimba, piga 112 mara moja. Viatu vya mpira vya majini hupunguza sana hatari hii.

Mchana kula piadina, mkate wa bapa wa Romagna, eneo ulimo mji huu, unaookwa juu ya kikaango cha moto. Ile ya Rimini ni nyembamba na pana. Ya jibini laini squacquerone na majani ya rucola haina mpinzani. Asiyekula nguruwe aulize kabla: kinyunga cha asili hutiwa strutto, mafuta ya nguruwe, hata kama ndani hamna nyama. Sema «all'olio», ya mafuta ya zeituni.

Jua likipungua makali, ondoka ufukweni. Usikose hili hata kama umekuja kwa ajili ya bahari tu, maana mji wa Kirumi uko ng'ambo ya reli, mwendo wa miguu. Anzia Tao la Augusto, la mwaka 27 kabla ya Kristo, fuata barabara iliyonyooka hadi Daraja la Tiberio, lililokamilika mwaka 21 baada ya Kristo na bado limesimama kwa matao yake matano. Ng'ambo yake ni Borgo San Giuliano, vichochoro vyenye michoro ukutani inayomkumbuka mwongozaji wa filamu Federico Fellini, aliyezaliwa Rimini mwaka 1920. Njiani ingia Tempio Malatestiano uone msalaba uliochorwa na Giotto, mchoraji maarufu wa Kiitaliano wa zama za kati. Ni kanisa, funika mabega na magoti. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu.

Siku ya mawingu panda treni kwenda mji wa Ravenna kutazama mozaiki, picha za vipande vidogo vya rangi; safari huchukua muda wa kama saa moja. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa ipige muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini ingawa umelipa nauli. San Marino, nchi ndogo iliyo mlimani, huendwa kwa basi kutoka mbele ya stesheni, chini kidogo ya saa moja. Huko juu upepo ni baridi kuliko ufukweni, beba koti jepesi, na piga picha ya ratiba ya kurudi kabla hujaondoka kituoni.