Konsila ya chini ya macho isikatike: wenye ngozi kavu njooni hapa

Nianze na jambo ambalo wauza vipodozi wengi hawatakwambia, poda sio dawa ya mikunjo ya konsila, ile krimu ya rangi ya ngozi ya kufunika weusi na madoa. Kwa mwenye ngozi ya mafuta sawa, poda inanyonya yale mafuta yanayofanya konsila iteleze, lakini wewe mwenye ngozi kavu hayo mafuta huna, kwa hiyo poda inaishia kunyonya ule unyevu kidogo uliopo ndani ya konsila yenyewe, inakauka, na ukicheka mara mbili tatu tu inapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Alafu mtu akijiona kwenye kioo anaongeza poda nyingine juu. Hapana jamani. Ngozi ishibe maji kwanza, konsila iwe kidogo, na poda iwe kidogo kuliko hata hiyo konsila na ikae pale tu panapojikunja, mengine yote ntakayosema yanatoka hapo.

Uelewe kwanza hiyo sehemu ilivyo. Ngozi ya macho ndio nyembamba kuliko ngozi yote mwilini, unene wake ni kama nusu milimita, na vitezi vya mafuta pale ni vichache mno hata kwa mtu ambaye paji lake la uso linang'aa kutwa nzima. Alafu haitulii. Binadamu anapepesa macho mara kama 15 kwa dakika, yaani karibu mara 900 kwa saa, hapo hujacheka, hujakunja uso kwa jua, hujasugua macho. Mistari midogo ya chini ya jicho kila mtu anayo, mpaka mtoto mdogo akicheka utaiona, kwa hiyo anayekuahidi konsila isiyokunjika kabisa anakudanganya. Tunachotafuta ni isijikusanye ndani ya hiyo mistari na isikauke ikaonyesha mistari ambayo hata haikuwepo.

Sasa kazi inaanzia kwenye ngozi, na hapa naomba usiwe na haraka. Osha uso na sabuni laini au kleansa isiyoacha ngozi imevutika, maji ya uvuguvugu sio ya moto. Usijifute mpaka ukauke kabisa, acha ngozi na unyevu kidogo alafu paka krimu ya macho au moisturaiza yako nyepesi, kiasi cha punje ya mchele kwa macho yote mawili kinatosha. Tafuta yenye glisirini au asidi ya hayaluroniki, hivyo vinavuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi, ndio maana nakwambia paka ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Alafu subiri. Dakika 5 hadi 10, nenda kavae, kapige pasi, chora nyusi zako, ukirudi chukua tishu uibonyeze taratibu chini ya jicho ili ibebe ile krimu iliyobaki juu. Hili la tishu watu wanalidharau sana lakini konsila ikikaa juu ya krimu ambayo haijaingia itateleza tu na itaenda kukaa kwenye mistari, hata ungeiwekea poda ya laki moja.

Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na siagi ya shea, hivyo viache vya usiku. Usiku vinasaidia sana kwa kweli, hasa ukipitisha kidogo juu ya krimu, unaamka ngozi imelainika. Lakini asubuhi chini ya konsila hapana, hakuna kitakachoshika. Na kama unatumia retinoli, ile ya vitamini A ya kupunguza makunyanzi, karibu na macho na ngozi inabanduka banduka, punguza siku za kuipaka kabla hujailaumu konsila, maana juu ya ngozi inayobanduka hakuna bidhaa itakayokaa vizuri.

Faundesheni, ile ya kusawazisha rangi ya uso mzima, usiipeleke chini ya macho. Ishushe mashavuni, ikifika kwenye mfupa wa jicho simama. Kila tabaka unaloongeza pale ni kitu kingine cha kujikunja, na konsila peke yake inatosha kufunika.

Kama una weusi chini ya macho, na sisi wenye ngozi nyeusi wengi tunao na mara nyingi ni wa kuzaliwa wala sio wa kukosa usingizi, usijaribu kuufunika kwa konsila nyingi. Weka kwanza konsila ya rangi ya chungwa, ile ya kampuni ya LA Girl inapatikana kirahisi tu, na kwa maji ya kunde rangi ya pichi inatosha. Chungwa linaua ule ubluu na ukijivu, kwa hiyo konsila utakayohitaji juu yake inapungua nusu au zaidi. Weka pale tu palipo na giza, hasa ile kona ya ndani karibu na pua, uipigepige na kidole mpaka ibaki kama kivuli. Ukiiona bado ya chungwa kabisa umezidisha, punguza kabla hujaendelea.

Konsila yenyewe sasa. Kwa ngozi kavu chagua ya majimaji inayobaki na unyevu, zile nzito zinazokauka haraka na kuwa mat, yaani bila mng'ao, ni nzuri kwa chunusi na madoa lakini chini ya macho makavu zinatesa. NARS Radiant Creamy ina unyevu mzuri ila bei yake imechangamka, Maybelline Fit Me ni nyepesi na wengi wanaimudu. Tarte Shape Tape inafunika sana lakini ni nzito na inakauka upesi, kwa hiyo mwenye ngozi kavu aichukue kidogo mno. Shedi, yaani kiwango cha weupe au weusi wa rangi, iwe moja tu juu ya rangi yako, ukipanda shedi tatu ile mikunjo ndio itaonekana mpaka ng'ambo ya barabara.

Zile pembetatu kubwa zinazochorwa mpaka katikati ya shavu zisahau. Weka kidoti kimoja kona ya ndani, kingine kona ya nje ukikivuta kidogo kuelekea juu, basi. Acha kama nusu dakika ishike kidogo, ukiisambaza ikiwa bado majimaji kabisa utalazimika kuongeza. Kisha chukua sponji iliyolowa na kukamuliwa vizuri, au kidole cha pete ambacho hakina nguvu nyingi, gonga gonga bila kuburuta, na ile sehemu iliyogusana na kope za chini iachie kile kidogo kinachobaki kwenye sponji. Pale ndipo panapokunjika zaidi na wala hapahitaji kufunikwa sana.

Haya, kuseti, yaani kuishikiza konsila kwa poda. Hapa ndio penyewe na muda ni kila kitu, kwa hiyo poda iwe tayari mkononi kabla hujaanza. Kila ukipepesa macho konsila mbichi inaingia kwenye mistari, sasa ukiweka poda juu yake hapo unaifungia humohumo ndani na hiyo mikunjo utakaa nayo mpaka jioni. Fanya hivi, angalia juu kidogo bila kunyanyua kichwa, ngozi ya chini ya jicho itavutika. Pitisha sponji safi au kidole kulainisha ile mistari iliyoanza kujitokeza, usipepese, na hapohapo weka poda. Jicho moja likiisha ndio uende la pili, usilainishe yote mawili kwanza maana ukifika kwenye poda la kwanza limeshakunjika tena.

Kiasi cha poda ni kidogo kuliko unavyofikiria. Tumia poda ya unga iliyosagwa laini sana, chovya pafu ndogo au brashi ndogo yenye manyoya laini, ikunje pafu au izungushe brashi ili poda iingie ndani, alafu gonga nyuma ya kiganja. Kinachobaki baada ya kugonga ndio cha kuweka, na ukikiona kwa macho juu ya pafu bado ni kingi. Bonyeza na uachie, usifute, usipeperushe. Bonyeza kwenye mstari unaokunjika na kona ya ndani tu. Ile sehemu ya juu ya shavu ambayo haikunjiki iache na unyevu wake, ule mng'ao kidogo ndio unaofanya uso uonekane mzima.

Kuna ile staili ya kubeki, kumwaga poda nyingi chini ya macho unaiacha dakika kumi ndio unaifuta. Ilitoka kwenye majukwaa, kwa wasanii wanaopakwa mekapu nzito na kutokwa jasho chini ya mataa makali, na kwa ngozi ya mafuta siku ya shughuli inasaidia kweli. Ngozi kavu usiibeki. Naona mabibi harusi wanabekiwa bila hata kuulizwa ngozi yao ikoje, na kabla ya keki kukatwa chini ya macho pameshapasuka. Kama una shughuli mwambie mpambaji wako mapema, dada mimi ngozi yangu kavu naomba usinibeki, ni haki yako na wala sio dharau.

Rangi ya poda nayo muhimu. Poda nyeupe isemwayo haina rangi mara nyingi inaacha ujivu kwenye ngozi nyeusi, na zile zenye silika nyingi, ule unga wa madini, zikipigwa flashi usiku zinatoa weupe chini ya macho ambao kwenye kioo hukuuona. Chukua yenye unjano, Ben Nye ya banana au Sacha Buttercup wengi wanazijua, na ukiwa mweusi zaidi chukua yenye uchungwa au rangi ya ngozi yako kabisa. Piga picha moja na flashi kabla hujatoka, ni sekunde tu. Na ukinunua sokoni uwe macho, feki ni nyingi, angalia maandishi kwenye boksi, harufu, na kile kialama cha kikopo kilichofunguka chenye 6M au 12M, ndio miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Kitu cha kuweka karibu na jicho usikibahatishe.

Ukishaweka poda tulia dakika mbili, cheka, kunja uso, angalia. Ukiona pameanza kuonekana pakavu pulizia seting sprei, ile ya kushikilia mekapu, kwenye sponji, sio usoni moja kwa moja, alafu bonyeza taratibu, poda itayeyukia ndani ya konsila na ule unga utapotea. Sprei yenye alkoholi nyingi itakukausha, soma nyuma ya chupa, kama alkoholi ndio ya kwanza au ya pili kwenye orodha tafuta yenye glisirini. Maji ya waridi yanaburudisha na yanapoza ngozi ila hayashikilii mekapu, yatumie kabla ya moisturaiza.

Hali ya hewa nayo uihesabu. Anayekaa Dar au Mombasa ana unyevu hewani na jasho juu, huyo anaweza kuhitaji poda kidogo zaidi hata ngozi ikiwa kavu. Wa Njombe, Mbeya au Iringa mwezi wa sita na wa saba, wa Nairobi baridi ya Julai, na nyie mliopo Dubai na Muscat mnaoshinda kwenye kiyoyozi kutwa, hewa yenu inakausha, nyie jaribuni siku moja bila poda kabisa chini ya macho. Unalainisha tu mistari, unabonyeza tishu mara moja, unaondoka. Kwa baadhi ya ngozi kavu hiyo inakaa vizuri kuliko poda yoyote, nasisitiza hili kwa sababu wengi hawajawahi hata kujaribu.

Ikitokea mchana imejikunja, poda isitoke kwenye pochi. Pasha kidole cha pete kwa kukisugua kwenye kiganja, angalia juu, gonga gonga mstari mpaka konsila isambae tena, na mara nyingi inatosha. Ikiwa imeshapasuka kabisa, chukua pamba ya kijiti, iguse na krimu ya macho kidogo sana, pitisha pale palipopasuka uitoe yote, bonyeza tishu, alafu weka kidoti kimoja cha konsila kwenye giza tu na usiweke poda juu yake. Na usiku itoe kwa mafuta au kleansa ya balmu, ile nzito inayoyeyuka ukiipaka, iache iyeyuke kwanza kabla ya kufuta, maana kusugua sugua kila siku kunaichosha hiyo ngozi na kesho yake konsila haitakaa.